Mzungu wa Metrine: Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Victor Omondi ameshika kitasa cha mlango, sikio limenata kwenye ubao, na bado yuko hapo hapo. Ni alasiri, Jeddah, mtaa wa Al-Safa, ndani ya ofisi ambayo hakuna aliyemkaribisha. Upande wa pili wa mlango kuna kicheko cha mkewe, Metrine. Kuna pia sauti nzito ya mwanamume mzee, inasema Kifaransa.

Katika maneno yote aliyoyasikia, mawili tu ndiyo aliyoyaelewa.

"Ton mari." Mume wako.

"Jamais." Kamwe.

Mtu mwingine angeyasikia maneno hayo na kwenda zake. Lakini mpe mwenye wivu maneno mawili, atakujengea nyumba nzima, ataipaua, na kuwalaza watu wawili ndani yake. Mume wako asijue kamwe! Kwani kulikuwa na maana nyingine?

Kwa aliyeanza nasi leo, niseme haraka, maana Victor hawezi kushika kitasa mpaka magharibi.

Victor ni mtu wa Kisumu, fundi wa mashine za hospitali, mmoja wa wale waliosombwa na mawakala kuja Saudia mwaka wa 2013. Kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, yuko Riyadh na karakana iko Al-Sulay, kati ya maghala na malori. Metrine alikuwa mwalimu wa Kifaransa Kakamega. Mwaka jana, 2016, naye alipata mkataba, lakini wa Jeddah, mbali na mumewe safari ya siku nzima kwa barabara. Kampuni moja ya kusafisha maji ya bahari ilitaka mkalimani wa mshauri wake mkuu. Binti yao Ivy wakamwacha kwa nyanya yake, Webuye.

Mshauri huyo ndiye Anselme Bouffard, Mkanada. Na hapo ndipo Victor alipoharibika.

Mume mwingine angetafuta picha za mzungu huyo amwone sura. Victor alitafuta kura zake.

Kila jioni, wenzake wakicheza karata, yeye alikuwa kitandani na simu, anasoma. Aliyajua maisha ya Bouffard kuliko ya mjomba wake mwenyewe. Alijua kwamba alizaliwa Sainte-Odile-du-Lac, mji mdogo wa jimbo la Quebec, huko Kanada ambako watu wanasali na kugombana kwa Kifaransa. Alijua baba yake alikuwa na kiwanda cha mbao. Alijua alipata umeya akiwa kijana bado, akajiunga na wahafidhina katika eneo ambalo chama hicho kilipokewa kama mgeni anayebisha hodi chakula kikipakuliwa. Watu walimcheka. Akagombea ubunge, akaanguka. Akagombea tena, akaanguka tena. Mara ya tatu akashinda kwa kura ambazo zingetosha kanisa moja tu, na safari ile ikamfikisha hadi unaibu waziri.

Wapiga kura wake walimwita Fahali. Victor alilichukia jina hilo kuliko kitu chochote cha Kanada.

Kisha ukaja uchaguzi wa 2015, Fahali akafagiwa, kiti kikaenda. Siku Victor alipoisoma habari hiyo, ilhali ilikuwa imeshapita zaidi ya mwaka, alicheka peke yake karakanani mpaka Mhindi wa zamu akamuuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Kicheko hicho hakikudumu. Wiki tatu zilizopita Metrine alipiga simu, sauti imejaa furaha.

"Baba Ivy! Bosi anaitwa nyumbani. Mbunge wa kule amejiuzulu, kuna uchaguzi mdogo, na chama kinamtaka agombee. Anataka niende naye."

"Uende naye kama nani?"

Simu ikakatika, au ilikatwa. Tangu siku hiyo Victor hakulala.

Alimpigia Elijah, kijana wa Bungoma anayemwendesha Bouffard pale Jeddah. Elijah alisita, kisha akafunguka.

"Kaka, mimi ni dereva, macho yangu yako barabarani. Lakini kioo cha nyuma kipo."

"Umeona nini?"

"Nimeona kushikana mikono. Ukitaka picha nitakupigia, lakini usinitaje."

Picha ikaja: Metrine na mzee wameshikana mikono kando ya bahari, kwenye Corniche, kichwa cha mzee kimeinamia bega la Metrine. Victor akamwambia msimamizi wake tumbo limemkamata, akashuka Jeddah, akapanga chumba mtaa wa Kandara. Na jana, akiwa amekaa kwenye kitanda cha chumba hicho, aliituma picha ile hadi Kanada, ofisi ya chama, eneo la Bouffard, na maneno mafupi chini yake: "Mgombea wenu na mke wa mtu."

Hayo Metrine hayajui. Sasa turudi mlangoni.

Victor alifungua bila kubisha.

Na afadhali angebisha! Bouffard alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa, mwili mzima wa mtu aliyewahi kuitwa Fahali. Mbele yake, sakafuni, Metrine amepiga magoti. Kichwa chake kilikuwa karibu na magoti ya mzee, na mkono wa mzee uko juu ya kilemba chake.

"Simama!" Victor alinguruma. "Simama, mama wa mtoto wangu!"

Metrine alishtuka hadi akakaa chini. "Victor? Wewe! Umetoka wapi? Kafili wako anajua uko huku?"

"Kafili wangu mwache. Unampigia magoti? Mimi umewahi kunipigia magoti tangu nikuoe?"

"Punguza sauti, kuna watu chini."

"Wasikie! Waje wakuone! 'Mume wako, kamwe.' Nimesikia. Mlidhani sijui Kifaransa? Nimekisoma miezi minne kwenye simu. Halafu anakwambia 'ton', neno la watu wa karibu, badala ya lile la heshima. Ton, ton, kama watu walioshibana. Bosi gani anamwambia mfanyakazi 'ton'?"

Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyekaa meza ya wageni asiowajua.

Metrine hakulia wala hakuomba radhi. Alisema taratibu, "Tazama viatu vyake."

"Sikuja kutazama viatu!"

"Victor. Tazama viatu."

Akatazama. Kiatu cha kushoto kilikuwa mguu wa kulia. Cha kulia kilikuwa bado mkononi mwa Metrine, na soksi ya mguu usio na kiatu ilikuwa imevaliwa kisigino juu.

"Tangu Ramadhani," Metrine alisema. "Alianza kwa kusahau majina. Nikadhani ni uzee tu. Halafu siku moja akaniuliza kwa nini nje hakuna theluji. Leo amekaa humu na viatu mikononi, anavitazama kama vitu vilivyoanguka kutoka mbinguni. Ndiyo, amesema mume wako asijue. Hataki mwanamume mwenzake ajue kwamba anavishwa viatu kama mtoto wa nasari. Akasema utamcheka. Nikacheka mimi, ili asione haya. Umeridhika?"

Hapo, msomaji, mume mwenye akili yake angeketi akaomba maji ya kunywa. Wivu wa Victor ulikuwa umetembea mbali mno kugeuka kwa siku moja. Ulitafuta mlango mwingine, ukaupata.

"Kwa hiyo wewe ndiye yaya wake."

"Mimi ndiye kumbukumbu yake. Namwandikia hotuba, namnong'oneza majina ya watu kwenye mikutano. Hakuna ajuaye."

"Na mimi? Nilipougua kule Al-Sulay, malaria niliyotoka nayo nyumbani, nikatetemeka wiki nzima, nani alinivisha viatu?"

"Ungeniambia!"

"Na Corniche je? Kule nako alikuwa anavishwa viatu?"

"Corniche alipotea. Alishuka garini kununua maji, akasahau alikotoka. Nilimkuta anamwomba askari amwonyeshe njia ya kwenda bungeni. Nikamshika mkono, akaniegemea na kulia. Lakini..."  Macho ya Metrine yalibadilika. "Umejuaje habari ya Corniche?"

Victor aliangalia dirishani.

"Elijah," Metrine akasema. "Ni Elijah. Victor, mmefanya nini nyinyi?"

Kabla hajajibu, simu ya mezani ililia.

Mzee alikuwa hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake siku zote ilipokelewa kwa sauti ya wazi. Metrine alibonyeza kwa mazoea, na sauti ya mwanamume ikajaa chumba, Kifaransa cha haraka haraka. Kule kwao ilikuwa ndiyo asubuhi.

"Ni Tardif," Metrine alinong'ona. "Mkuu wa kampeni."

Victor alisikia neno moja likapita katikati ya mengine kama sindano. "Photo."

Uso wa Metrine ulikauka. Aliinua macho kumtazama mumewe, na katika macho hayo Victor akaona kwamba sasa mkewe anajua kila kitu. Sauti iliendelea. Iliuliza swali. Ikalirudia polepole, kama anayesema na mtu aliye mbali: mwanamke huyu ni nani, Anselme?

Mzee Bouffard aliinama kuelekea kwenye simu. Uso wake uling'aa kwa upendo. Akamshika Metrine mkono, akajibu waziwazi, maneno mawili tu, ambayo hata mtu wa somo la kwanza la Kifaransa angeyaelewa.

"Ma femme."

Mke wangu.

"Ati nini?" Victor alirukia meza. "Nani mke wako? Huyu ni mke wangu! Nimemtolea mahari mimi, kwa miguu yangu, hadi Webuye!"

"Victor, mkewe alikufa!" Metrine alimzuia kwa mikono miwili. "Ghislaine alikufa kabla mzee hajaja huku. Anatuchanganya. Siku nyingine ananiita kwa jina hilo hadi saa sita!"

Upande wa pili wa dunia, Tardif alikuwa amesikia. Akageuza lugha, akasema Kiingereza.

"Nani huyo anayepiga kelele?"

"Mume wa huyo mwanamke!"

"Ala. Basi wewe ndiye uliyeleta picha."

"Ndiye mimi, na nitaleta nyingine!"

"Usijisumbue," Tardif alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka, haina hasira. "Picha nimeiona mimi peke yangu, na haijanitisha. Mimi ni rafiki wa Anselme tangu enzi za umeya. Tulimzika Ghislaine pamoja. Kwa hiyo najua amesema nini sasa hivi, na najua hilo si jibu la mtu mzima wa akili. Bwana, wewe humpendi, basi hutanidanganya kwa ajili yake. Nijibu jambo moja. Mzee anaumwa?"

 

Metrine alimsogelea mumewe, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, ili Tardif asielewe.

"Baba Ivy, nakuomba. Sema ni uchovu. Sema ni joto."

"Nimdanganyie mzungu wako?"

"Amegombea mara tatu kupata kile kiti, wakamcheka na kumtukana, na mwishowe wakamnyang'anya. Ndicho kitu pekee anachokikumbuka kila siku akiamka. Mwache akirudie japo mara moja. Halafu sikiliza. Ameahidi kutuchukua sote. Mimi, wewe na Ivy. Kule kuna hospitali, kuna mashine, wanatafuta mafundi. Nilishamwambia habari zako."

Victor alimgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi? Kila nikipiga simu unaniuliza mzee amevaa nini."

"Bwana?" Tardif aliita. "Bado nakusubiri."

Hebu mtazame Victor hapo. Neno moja, hapana, na familia yake yote imekula mkate wa Kanada. Neno jingine, ndiyo, na kampeni imekwisha kabla haijaanza. Nani angefikiri mara mbili?

Na pengine angesema hapana. Naapa midomo yake ilikuwa imeshaanza. Lakini mzee, ambaye bado alikuwa ameushika mkono wa Metrine, aliuinua taratibu akaubusu, kama wafanyavyo watu waliooana zamani, bila haraka na bila aibu.

Na Metrine hakuutoa mkono.

"Anaumwa," Victor alisema. "Anaumwa sana. Hajui mkewe amekufa. Hawezi kuvaa viatu vyake. Mkimsimamisha mbele ya watu mtajiaibisha. Halas, imekwisha."

 

"Asante," Tardif alisema. "Nitawaambia wengine leo hii kwamba amejitoa. Tutasema ni sababu za kifamilia."  "Mpe... hapana. Usimpe salamu zangu. Atauliza ni nani."

Simu ikakatika.

Metrine alikaa kwenye ukingo wa meza akajifunika uso. Victor alisimama katikati ya chumba, ameshinda. Fahali ameanguka, na safari hii aliyemwangusha ni yeye, mtu wa Kisumu, bila kura hata moja. Kanada imefutika. Metrine hana pa kwenda tena ila kwake. Alingoja furaha ije. Akaingoja.

"Tardif alisema nini?"

Wote wawili waligeuka. Ilikuwa sauti ya Bouffard, Kiingereza kikavu, na macho yake yalikuwa yamerudi. Yalikuwa macho makali ya mtu aliyewahi kujibu maswali bungeni. Hali hiyo ilimjia hivyo, Metrine alieleza baadaye: ukungu unafunguka ghafla, na kwa muda mfupi mzee yuko mzima kabisa.

Metrine alimweleza, Kifaransa, bila kuficha. Mzee alisikiliza ametulia. Metrine alipomaliza, mzee alitazama miguu yake, akakivua mwenyewe kile kiatu kilichokosewa, akavaa viatu sawasawa na kuvifunga. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Wewe ndiye fundi wa mashine," alimwambia Victor. "Metrine anakusifu kila siku. Inachosha."

Mzee akakaa sawa kitini.

"Nimekuwa nikiogopa siku hii. Kila asubuhi nilijiuliza, leo nitaanguka mbele ya nani? Mbele ya kamera? Mbele ya watu wa Sainte-Odile, walioninyima kura na walionipa? Sasa sitaanguka mbele ya mtu. Kijana, umenipumzisha."

"Bosi, pole sana," Victor alisikia mdomo wake ukisema.

"Usiseme pole. Nakushukuru, maana umenirahisishia uamuzi. Nilikuwa nirudi kwa sababu ya kile kiti tu. Nyumba ya kule niliiuza, na mtu wa kuniandalia chai hayupo. Mkataba wangu hapa bado una muda mrefu, na mwenye kampuni anachotaka kwangu ni sahihi na jina langu. Basi sirudi." Akamgeukia Metrine. "Nabaki Jeddah. Lakini siwezi kubaki peke yangu. Utakaa nami? Mpaka nisiweze tena kukuuliza swali hili?"

 Mzungu aliyekuwa aondoke baada ya wiki chache sasa hataondoka kabisa! Naye Victor ndiye aliyemfungia mlango, kwa ulimi wake mwenyewe.

"Mama Ivy," alisema upesi, "mwambie hapana. Mwambie tunarudi Riyadh. Tutaomba kafili wangu achukue ikama yako, kile kibali chako cha kuishi, tupange hata chumba kimoja..."

"Oui, Monsieur," Metrine alimjibu mzee. "Nitakaa."

"Metrine!"

"Ulitaka akose kiti, amekosa. Ulitaka nisiende Kanada, siendi. Sasa unataka nini tena, Victor? Nitakaa naye kwa sababu kuna mtu lazima akae naye, na kwa sababu wewe ndiye uliyembakiza na mimi tu."

"Na mimi mume wako?"

 Metrine alikuwa anamwangalia mzee, na Victor akafuata macho yake.

Ukungu ulikuwa umerudi. Bouffard alikuwa amesimama, amenyoosha koti, na uso wake umejaa tabasamu pana ambalo Victor alilijua kutoka kwenye picha zote alizozitazama kwa chuki. Alikuja moja kwa moja. Akaushika mkono wa Victor kwa mikono yake yote miwili, ile mikono mikubwa ya mtoto wa mwenye mbao, akaubana kwa joto, akamtazama machoni kama kwamba katika ulimwengu mzima hakuna mtu muhimu zaidi.

Aliuliza jambo kwa Kifaransa. Victor hakuelewa hata neno.

"Anasemaje?"

 Machozi yalikuwa yanamshuka Metrine sasa, na hakuyafuta.

"Anauliza kama anaweza kutegemea kura yako."

Mzee alisubiri. Hakumwachia mkono. Alikuwa na subira ya mtu aliyesimama kwenye milango ya watu maisha yake yote, kwenye theluji na kwenye matope, akingoja jibu.

Victor alimtazama mkewe. Metrine naye alimtazama.

"Mjibu," alisema. "Mjibu kwanza yeye. Halafu mimi nitakujibu wewe, kama bado una mke au huna."